Huduma ya kumuangalia mzee nyumbani baada ya kiharusi: nyota tatu na nusu, na sababu ninazo

Nimewatumia miezi mitano sasa kwa hiyo naona naweza kuongea. Baba alipigwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalegea na maneno yakapotea, yaani anaelewa kila kitu ila akitaka kusema "maji" linatoka neno lingine kabisa, na mwenyewe anajua amekosea, basi anakasirika. Tulivyoruhusiwa hospitali tuliambiwa miezi ya mwanzo ndo mwili unarudi kwa kasi, tusiichezee. Mimi kazini kutwa, mama mgongo mbovu, nikatafuta kampuni ya kutuletea mtu nyumbani.

Wa kwanza waliyemleta alikuwa mpole, msafi, anawahi, na bado alituharibia. Alikuwa anafanya kila kitu yeye. Anamlisha, anamvisha, anamuinua, mpaka rimoti anambonyezea, mzee kakaa tu kama mgeni rasmi na sisi tunashukuru kweli! Hadi siku fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kaja, akamwambia baba anyooshe vidole, vilevile ambavyo hospitali vilikuwa vinacheza kidogo, havikucheza. Akauliza, nani anamvisha huyu? Tukaangaliana.

Alafu jioni moja namsafisha kinywa nakuta chakula cha mchana kimejazana shavuni, upande wa kulia, manake upande ule hausikii na yeye hana habari. Angelala nacho kingeingia njia ya hewa, hapo unaongelea nimonia. Nikapiga simu ofisini nimefura, ila kusema ukweli hawakubishana, siku mbili tu mtu akabadilishwa. Hapo nawapa sifa yao.

Huyu wa pili sasa. Siku ya kwanza nilimuona mkali, karibu nimrudishe. Akaweka kiti upande wa kushoto wa kitanda, wenye nguvu, akamwambia baba mzee sogea ukingoni, weka miguu chini, egemea mbele, na yeye kashika tu mkanda kiunoni asianguke. Kwenye shati mkono mgonjwa unaingia kwanza, wakati wa kuvua unatoka mwisho, kitu kidogo hivyo sisi tulikuwa tunafanya kinyume wiki zote na mzee anagugumia tu. Vifungo akamwachia mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kifungo cha kwanza dakika nne, niliangalia saa. Nikashindwa kuvumilia nikanyoosha mkono nimsaidie, baba akanichapa kakofi kadogo akasema "kesho!" Alimaanisha ngoja. Wote tulielewa, na yule dada akacheka, na mzee naye akacheka kwa mdomo wa upande mmoja, mara ya kwanza tangu augue.

Kwenye kula anamkalisha wima kabisa, kijiko kidogo kidogo, akimeza anamwambia apitishe ulimi shavuni, na akimaliza halali hadi nusu saa ipite. Usiku mama anamgeuza kila baada ya masaa mawili kwa sababu huyu dada alimuonyesha mama ngozi ya kisigino ilivyoanza kuwa nyekundu. Akiongea naye anauliza swali la ndiyo au hapana, alafu ANANYAMAZA. Hammalizii neno. Hiki ndo kilichonishinda mimi mpaka leo. Na kuna daftari, presha asubuhi na jioni, dawa saa ngapi, choo, kalala vipi, siku tukienda kliniki daktari analisoma lile kwanza kabla hajatuuliza chochote.

Mnauliza nyota moja na nusu imeenda wapi. Imeenda wikiendi. Yule dada akiwa ofu wanatuma yeyote aliye huru, hujui nani anakuja mpaka agonge mlango, na daftari hata halifungui. Mmoja alimnyanyua baba kwa kumvuta mkono ule uliolegea. Jamani bega la mtu wa kiharusi misuli haishiki, ukivuta linatoka pahala pake. Maumivu wiki mbili, mazoezi yakasimama, na ofisi ikatuma meseji ya "tunasikitika kwa usumbufu." Usumbufu! Siku ya malipo lakini ankara ilifika kwa wakati, saa zote za yule mvuta bega zimo ndani.

Pia mtu wa mauzo alituambia wote wamefundishwa kuhudumia wagonjwa wa kiharusi. Si kweli. Muulize mtu mwenyewe akifika mlangoni, shati unamvishaje huyu, akianzia mkono mzima muage palepale.

Sa hivi baba anatembea na fimbo kutoka chumbani hadi sebuleni, mkono bado mzito, maneno yanakuja na kupotea. Nimeongeza mkataba miezi mitatu, ila kwa mstari niliouandika mwenyewe kwa kalamu pale chini: haji mtu mgeni kwa baba kabla hajashinda siku nzima na yule dada. Tulivutana kidogo na ofisi kuhusu nani analipa hiyo siku. Wakasaini, wanalipa wao.