Benzi la Mwaka 2000 Mjini Tabora: Miaka Minne na S 320

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Sasa hivi ni saa kumi na mbili na nusu, jua la Tabora ndiyo kwanza linachomoza juu ya miembe ya hapa Cheyo, na gari mnaloliona nyuma yangu halijawashwa tangu jana saa mbili usiku. Naomba kwa sasa muiache nyota iliyoko juu ya boneti, muache viti vya ngozi na mbao za dashibodi, mtazame pengo lililopo kati ya tairi na ukingo wa bodi. Nyuma kushoto vinaingia vidole vyangu vinne bila kubanwa. Nazunguka upande wa pili: nyuma kulia vinaingia viwili, na hicho cha pili nimekisukuma. Jana wakati naliegesha, pande zote mbili zilikuwa sawa.

Uchambuzi wangu wa leo unaanzia kwenye vidole hivi viwili, kwa sababu ndivyo vilivyonifundisha namna ya kuishi na gari la kifahari lililozeeka. Watu wengi hunionya kwamba Benzi kuukuu linafilisi. Mimi nimekaa nalo miaka minne, nimeandika kila shilingi katika daftari la shule, na nikipitia kurasa zile naona kwamba karibu kila gharama kubwa niliyolipa ilianza ikiwa gharama ndogo ambayo niliiona, nikaiahirisha.

Hili ni Mercedes-Benz S 320 la mwaka 2000, lenye bodi ambayo mafundi huiita kwa namba yake ya kiwanda, W220. Bodi hiyo ilitoka mwaka 1998 kuchukua nafasi ya W140, lile Benzi kubwa la mraba ambalo wengi mnalikumbuka, na ikaachia nafasi W221 mwaka 2005. Injini yake ni ya lita 3.2, silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, nguvu farasi 224, na gia boksi ni ya otomatiki yenye gia tano. Nililinunua mwaka 2021 hapa hapa nchini, likiwa tayari ni namba B, yaani limesajiliwa nchini miaka mingi nyuma, kwa shilingi milioni 9. Kuagiza jingine la umri huu kutoka nje leo ni kujitafutia tozo ya uchakavu bila sababu, hivyo anayelitaka ni vyema atafute lililokwisha kusajiliwa, ambalo mwenyewe amechoka nalo.

Sasa turudi kwenye lile pengo. Gari hili halina springi za chuma. Kila kona imebebwa na shokapu ya upepo, yaani mfuko wa mpira uliojazwa hewa, na hewa hiyo hutoka kwenye kompresa ndogo iliyofichwa mbele upande wa kulia, nyuma ya bampa, ikapitia kwenye vali zinazoigawa kila kona kadiri inavyohitaji. Mfumo huo unaitwa Airmatic. Ukiwa mzima, gari linapita juu ya matuta yetu kama mtumbwi juu ya maji yaliyotulia, na kuna kitufe ambacho ukikibonyeza gari zima linajiinua kidogo ili upite kwenye njia mbovu. Lakini mpira ni mpira. Baada ya miaka 20 ya kujikunja na kujikunjua, ya joto la Oktoba na vumbi, unapata nyufa nyembamba kama nywele, na hewa inatoka polepole usiku kucha wakati wewe umelala.

Shida ni kwamba gari lenyewe linakuficha uvujaji huo. Ukiliwasha asubuhi, kompresa inaanza kulia kwa sauti ya chini, mfano wa nyuki ndani ya mzinga, na katika dakika moja au mbili gari limesimama sawasawa, nawe unasahau. Mwaka wa kwanza kona ya mbele kushoto ilianza kuvuja hivyo, na mimi nikasahau kwa miezi mitatu. Niseme wazi kwamba kosa lilikuwa langu. Kompresa ile imetengenezwa ifanye kazi kwa muda mfupi mfupi, kujazia kilichopungua, kisha ipumzike. Mimi nikaifanyisha kazi ya kujaza mfuko uliotoboka, kila siku, ndani ya vumbi la kiangazi. Siku moja nikitoka Urambo, saa tisa alasiri, dashibodi ikawaka maandishi mekundu kwamba gari liko chini mno, na kabla sijapata pa kuegesha vizuri nikasikia tairi likikwangua ndani ya bodi. Kompresa ilikuwa imeungua. Gari la namna hii likishalala halivutwi kwa kamba, ila hupakiwa. Nilikaa chini ya mti mpaka giza likaingia, ndipo likapatikana lori lililokuwa linarudi tupu baada ya kushusha tumbaku.

Hesabu ya daftari langu ni hii: shokapu moja, ambayo ningeweza kuibadilisha tangu mwezi wa kwanza, ilikuwa shilingi 780,000. Kompresa ikaongeza 650,000, na lori 250,000. Rilei ya kompresa, ambayo ni swichi ya umeme inayoiwasha, kidude cha kuingia kiganjani, nayo ilibidi ibadilishwe, maana rilei iliyochoka inaweza kuganda katika hali ya kuwaka na kuifanya kompresa mpya izunguke bila kukoma hadi nayo iungue. Kila ukibadilisha shokapu au kompresa, badilisha na rilei. Bei yake haifikii hata chakula cha mchana cha watu wawili pale mjini.

Kabla hujanunua shokapu, tafuta kwanza hewa inatokea wapi. Koroga sabuni ya unga kwenye maji, pakaza povu kwa brashi juu ya kichwa cha shokapu mahali mrija unapoingilia, na kwenye mfuko wenyewe, halafu subiri. Mapovu yakifura kwenye maungio ya mrija, huenda umepona na kazi ndogo. Yakifura kwenye mpira, hakuna kiraka. Na tafadhali, ndugu zangu, pamoja na vijana wa gereji wanaonitazama: msiingie chini ya gari hili likiwa limebebwa na upepo peke yake, wala na jeki peke yake. Mfuko ukipasuka, gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,700 linashuka kwa mara moja na halitoi taarifa. Wekeni stendi za chuma.

Jambo la pili lipo kwenye gia boksi, na hili nililiwahi, kwa hiyo ni simulizi fupi yenye furaha. Ubavuni mwa gia boksi kuna plagi ya umeme yenye pini 13, na ndani yake kuna pete za mpira zinazozuia oili isitoke. Zikikauka, oili inaanza kupita, na haishii kudondoka chini. Inapanda ndani ya waya. Fundi wangu, mzee mmoja wa Isevya aliyekwisha kuzishika injini nyingi kuliko miaka yangu, aliuchomoa mkonga wa waya, akanionyesha kwenye mwanga: nyuzi za shaba zilikuwa ziking'aa kwa unyevu. Akaniambia, “Mwalimu, umewahi kutazama utambi wa koroboi? Mafuta yako chini, lakini juu ndiko kunakowaka. Hii nayo inakwenda hivyo hivyo mpaka kwenye kompyuta ya gia.” Plagi mpya na pete zake ilinigharimu shilingi 60,000. Kompyuta ya gia, hata ya mtumba, haipatikani kwa bei ya kuitaja asubuhi kama hii.

Mkiwa chini huko, ulizieni na historia ya oili ya gia boksi. Gari lilipotoka, kiwanda kilisema oili ile itadumu maisha yote ya gia boksi, na ndiyo maana kwenye bomba la kupimia hakuna kijiti cha kupimia, kuna kifuniko tu kilichofungwa kwa lakiri ya plastiki. Baadaye kiwanda chenyewe kikabadili ushauri na kutaka oili ibadilishwe. Lakini tangazo la kwanza lilishasikika duniani kote, na magari mengi ya umri huu yamezeeka na oili ile ile ya kuzaliwa. Mimi nilipobadilisha yangu, iliyotoka ilikuwa nyeusi kama kahawa ya tangawizi, na ule mshtuko wa gia ya pili kuingia ya tatu ulikwisha siku hiyo hiyo.

Injini yenyewe naisifu bila kusitasita. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na ikipewa oili safi kwa wakati haina makuu. Ila ina tabia mbili ambazo fundi aliyezoea Toyota hatazitarajia. Kwanza, kila silinda ina plagi mbili za kuwasha mafuta kwa cheche, kwa hiyo silinda sita zinahitaji plagi 12. Kijana mmoja aliwahi kuniletea sita na akabisha kwamba duka limenidanganya. Pili, inajazwa lita 8 za oili. Ukimkabidhi mtu dumu la lita nne ukaenda zako kunywa chai, utarudi ukute gari liko tayari na injini ina nusu ya kile inachostahili. Simama hapo hapo, hesabu madumu.

Tazameni pia puli ya krenki, lile gurudumu la mbele ya injini linalozungusha mkanda, wakati injini inanguruma. Imeundwa kwa vipande viwili vya chuma vilivyogandishwa kwa mpira katikati, na mpira ukiachia, kipande cha nje kinaanza kuyumba na kusaga kifuniko cha mbele cha injini. Ikiyumba, usiende nalo popote.

Kuhusu kutu, magari ya bodi hii yana jina baya, hasa kwenye kingo za matairi na chini ya milango. Lakini hapa Tabora tuko mbali na bahari, na hatumwagi chumvi barabarani kama wanavyofanya Uingereza wakati wa baridi. Gari lililotumika huko, au lililolala miaka mingi karibu na ufukwe, lichunguzwe kwa kuinuliwa, na mkono upite chini ya milango. Langu lina doa moja kwenye buti, ukubwa wa sarafu, nimelipaka dawa.

Adui wetu hapa ni vumbi na njia za mitaani. Kichujio cha hewa nakitazama kila mwezi wakati wa kiangazi. Matairi nimebaki na rimu za inchi 16, saizi 225/60, ingawa marafiki wananisihi niweke za inchi 19 ili gari “lionekane”. Ubavu mnene wa tairi ndio unaopokea shimo kabla halijafika kwenye boljointi, yaani viungo vinavyoshika magurudumu, na boljointi za mbele za gari hili ni nyingi. Kwa kutoka hapa hadi Nzega, safari ya lami, linakula kama lita 12 kwa kilomita 100. Mjini linafika 16, na likikwama kwenye foleni ya siku ya mnada, sitaki kujua.

Umeme nautaja kwa haraka, kwa kuwa mara nyingi siyo umeme. Betri kubwa iko kwenye buti, na ikidhoofu gari huanza kutoa maonyo ya ajabu: breki, upepo, mkoba wa hewa, yote kwa pamoja. Pima betri kabla hujamlipa mtu wa mashine ya kusoma makosa ya gari. Na ukimlipa, mwombe akuonyeshe mwenyewe makosa yaliyosomeka, kisha yafutwe, uendeshe siku mbili, yasomwe tena. Kosa litakalorudi ndilo la kweli.

Spea ndiyo mtihani wa sisi wa bara. Hapa Tabora nitapata balbu, oili, na vichujio. Vingine vinatoka Dar es Salaam, Kariakoo au Ilala, na vinasafiri kwa basi kama abiria. Niliwahi kuuziwa shokapu ya upepo iliyopakwa rangi ikaitwa mpya. Ilidumu wiki tano. Tangu hapo naomba nipigiwe simu ya video, muuzaji aibonyeze mbele yangu, anionyeshe mikunjo ya mpira kwa ndani, na namba ya spea niisome mwenyewe kabla sijatuma fedha.

Je, ulinunue? Kama una gari hili moja tu, na kila asubuhi lazima upeleke watoto shule na ufike kazini, jibu langu ni hapana, maana kuna wiki ambayo litakaa likisubiri kifurushi. Mimi nina pikipiki. Kama una namna nyingine ya kutembea, na una angalau milioni 3 uliyoiweka kando baada ya kulipa bei ya gari, basi sijui starehe nyingine ya barabarani inayopatikana kwa fedha hizo. Ila usikubali kulikagua mchana muuzaji akiwa amekwisha kuliwasha. Mwambie liegeshwe jioni mahali tambarare, injini izimwe, nawe upime kila kona kwa futi au kwa vidole, kisha urudi alfajiri kabla hajaamka.

Hii kona yangu ya nyuma kulia nimeigundua wiki hii. Nimepaka povu, na mpira ndio unaovuja. Shokapu yake ilipakiwa kwenye basi jana, nimeambiwa itafika stendi leo jioni, na mzee wa Isevya atakuja nayo kesho na stendi zake nne. Mpaka hapo gari halitoki getini. Nakwenda shule kwa pikipiki.