Pl@ntNet: niliiuliza kwa picha, ikanitajia gugu lililokuwa likinichubua mikono

Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa hapa Tengeru, wa kufungia bandani. Anayefuga hivi anajua kuwa kazi kubwa si kukamua, ni majani. Kila alfajiri mimi na kijana wangu wa kazi tunatoka na mundu na toroli, tunakata kando ya barabara, kwenye mifereji, popote palipo na kijani kisicho na mwenyewe. Mwaka jana mikono ikaanza kuniwasha. Kwanza vipele kwenye vifundo, kisha ngozi ikachubuka hadi kwenye viwiko. Nikabadilisha sabuni. Nikavaa glavu kila ninapoogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe. Wapi. Mama mkwe wangu ndiye aliyechungulia toroli siku moja akasema, "Mwanangu, humu kuna jani silijui. Enzi zetu halikuwepo."

Nikamuuliza kijana. "Hayo ni majani tu, mama." Jirani naye akasema yanafanana na ya karoti. Nikaandika kwenye simu "majani kama karoti yanayowasha", nikaletewa mapishi ya karoti na matangazo ya mafuta ya ngozi. Simu inataka uanze na jina, na jina ndilo nililokuwa silina.

Dukani hatuendi hivyo. Kifungo cha shati kikipotea, unamchukulia muuza vifungo kimoja kilichobaki: nataka kama hiki. Bomba likivunja kiungo, unabeba kilichovunjika mpaka duka la vifaa, na hakuna anayekudai jina lake kwanza. Pl@ntNet, programu ya simu ya kutambua mimea, inafanya kazi kwa mtindo huo huo. Unaipa picha ya mmea, inakutafutia unaofanana nao kati ya picha nyingi mno za mimea ambayo majina yake yanajulikana.

Ni kazi ya taasisi za utafiti za Ufaransa (CIRAD, INRAE, Inria na IRD), na programu ya simu ilitoka mwaka 2013. Ni bure, haina matangazo. Nalisema hili mapema kwa sababu kabla yake nilipakua nyingine, sitaitaja, ambayo ilinipa jina moja tu kwa uhakika wote, ikaniambia ni karoti pori, halafu ikanidai malipo ya mwezi ili nione maelezo. Nikaifuta siku hiyo hiyo.

Sikuanza na gugu lenyewe. Fundi mpya humpi gauni la harusi, unampa kwanza pindo la shuka. Nilizunguka uani nikaijaribu kwa mimea ninayoijua tangu utoto. Mwarobaini, ikasema Azadirachta indica. Mlonge, Moringa oleifera. Mgagani wa mboga, Gynandropsis gynandra. Kishona nguo kilichokuwa kimeganda kwenye kanga yangu, Bidens pilosa. Majina hayo niliyahakikisha kwa mwalimu wa kilimo anayesali nami. Kila jina huja na alama yake ya asilimia, na kwenye mnavu ilileta orodha ya ndugu kadhaa wa ukoo wa Solanum waliokaribiana alama, na mwalimu akacheka akasema hata wataalamu wa mimea huwa wanabishana juu ya ukoo huo. Hapo nikaanza kuiamini, maana kwenye jambo lenye utata haikujifanya inajua.

Basi nikaenda kwenye gugu. Picha ya kwanza nilipiga jani tu, bichi, likiwa katikati ya majani mengine, jua la saa saba. Ikaleta majina mengi na kila moja lina alama ya chini kabisa. Ukiona hivyo, kosa liko kwenye swali lako. Picha ndiyo swali, na mimi niliuliza huku nikimumunya maneno.

Kesho yake asubuhi nikavaa glavu, nikachuma shina lenye maua, nikalilaza juu ya mfuko mweupe wa pumba, kivulini. Nikapiga jani peke yake, kisha ua kwa karibu mpaka likajaa kwenye kioo, kisha mmea mzima. Programu hukuwezesha kuweka picha zaidi ya moja katika swali moja, na kuonyesha hii ni ya jani, hii ya ua, hii ya tunda, hii ya gome. Safari hii jina moja lilikaa juu kabisa na alama yake ilipita asilimia 90: Parthenium hysterophorus.

Hapa wengi ndipo wanapoishia, na ndipo ninapowaomba msiishie. Ukibonyeza jina, zinafunguka picha za watu wengine za mmea huo huo. Nikakaa kwenye kigoda nikalinganisha. Ua jeupe dogo, upana wake kama milimita nne au tano, ukilitazama vizuri lina pembe tano. Jani limechanika-chanika kama la karoti. Shina lina mistari ya kwenda juu. Nikatazama picha, nikatazama mfuko wa pumba, nikatazama picha tena. Ndilo. Ile asilimia ni mashine inakuambia picha yako imekaribiana kiasi gani na ilizofundishwa nazo. Macho yako ndiyo yanayofunga kesi.

Nikamtumia afisa ugani wetu jina lile pamoja na picha. Akanijibu kwa maneno mawili: "Gugu karoti."

Niliketi chini. Gugu karoti nilikuwa nimelisikia! Nilikaa kwenye mkutano wa kijiji likatangazwa, nikalisikia tena redioni, kwamba ni gugu vamizi kutoka Amerika ya kitropiki, kwamba liliripotiwa hapa Arusha mwaka 2010, kwamba linawasha ngozi na chavua yake inawasumbua wenye pumu, kwamba ng'ombe wakilila maziwa yanakuwa machungu. Jina nilikuwa nalo kichwani, mmea nilikuwa nao kwenye toroli, na miezi yote hiyo havikuwahi kukutana. Na maziwa, jamani. Kuna wiki mbili wateja wangu wawili waliniambia maziwa yana uchungu, nikamgombeza kijana kuwa haoshi ndoo vizuri. Nimeshamwomba radhi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama programu hii inafaa kwa mfugaji na mkulima, nasema inafaa sana, ila ujue inakupa nini. Inakupa jina la kisayansi, na jina hilo ni ufunguo wa kwenda kuulizia kwingine. Jina la Kiswahili mimi nililipata kwa mtu, na bila hilo nisingeweza kumweleza jirani yangu chochote. Ukimwambia Parthenium atakuitikia tu kwa heshima.

Jambo la pili ni bando na mtandao. Mimi huipiga picha shambani kwa kamera ya kawaida, jioni nikiwa nyumbani ndipo naifungua programu na kuichagua picha kwenye albamu. Jibu ni lile lile, na huko shambani huhangaiki kunyoosha simu juu kutafuta mnara.

La tatu nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona kina mama wenzangu wakitaka kuitumia hivyo: usile mboga wala usinywe dawa kwa sababu simu imesema ndiyo yenyewe. Mnavu nimeshawaeleza. Mnanaha nao upo kwenye majalala yetu, na huo ni sumu. Kama ni cha kuingia tumboni, mpelekee mtu anayekijua, au upeleke mmea wenyewe. Hapa Arusha tuna bahati, hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa ipo Ngaramtoni, na ukifikiria, kazi yake ni hii hii ya kulinganisha mfano na mfano, tofauti ni kwamba pale unalinganishwa mmea wenyewe uliokaushwa kwenye karatasi na jicho la mtaalamu. Wataalamu walioandika vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki walianza kuvitoa 1952 wakamaliza 2012, spishi zaidi ya 12,000, na hazina kama hizo ndizo zilizowalisha.

Spishi zaidi ya 12,000 ni nyingi, na Pl@ntNet ilianza na mimea ya Ulaya Magharibi. Mashine haiwezi kufananisha kitu ambacho haijaonyeshwa. Ndiyo maana nikishahakikisha jina, nabonyeza kuchangia picha yangu. Watumiaji wengine huipigia kura, na ikithibitishwa inaweza kutumika kuifundisha mashine. Naomba na wewe uliye Rombo, Kilwa au Kisumu ufanye hivyo, upige mimea ya kwenu, maua na matunda yake, kwa mwanga mzuri.

Mikono imepona. Barabarani tunang'oa gugu karoti na mizizi yake, kwa glavu, kabla halijatoa ua, maana mmea mmoja unaweza kuangusha mbegu zaidi ya 15,000. Mama mkwe amechukua usimamizi wa toroli, haliingii bandani kabla hajalipekua. Juzi ameniletea jani jingine asilolijua, lenye manyoya, lililoota nyuma ya banda. Nimelipiga picha, alama zimekuja za chini, na ua bado halijatoka. Nimemwambia kijana asilikate.