Bunduki ya .22 ya nusu otomatiki: ipi uanze nayo Marekani

Kwa anayeishi Marekani na anatafuta bunduki ya kwanza, ya kulenga shabaha na kuwinda kindi na sungura, jibu langu ni Ruger 10/22. Ninayo, naitumia, na kasoro zake nazijua. Naiweka juu ya nyingine tatu kwa sababu moja kubwa: vipuri vyake havikosekani.

Inatengenezwa tangu 1964, inajipakia yenyewe kila unapofyatua (ndiyo maana ya nusu otomatiki), inakula risasi ndogo za .22 LR (upana wa inchi 0.22 hivi), na ile ya kawaida ina uzito wa kilo mbili na ushei. Madukani huuzwa kati ya dola 300 na 400. Uzuri wake hasa uko kwenye magazini, yaani kikasha cha risasi. Risasi 10 hukaa kwa kuzunguka gurudumu dogo la ndani, kwa hiyo magazini haitokezi nje. Inaishia sawasawa na tumbo la bunduki. Hainasi vichakani, na kiganja kinashika pale pale penye uzito. Ukiijaza, dole gumba linahisi gurudumu likisogea kila risasi inapoingia.

Kasoro sasa. Nyuma pamezibwa, kwa hiyo ufito wa kusafishia huna budi kuuingizia mdomoni mwa mtutu, na ukiukwaruza mdomo huo shabaha inaharibika. Tumia kamba ya kusafishia, uivute kutoka kwenye chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Kubwa zaidi ni hili: risasi ya mwisho ikitoka, bolti (kipande cha chuma kinachofunga chemba) hujifunga kama kawaida. Unavuta kifyatulio, unasikia "ta", ndipo unajua zimekwisha. Ukiwa na anayejifunza, usikubali bunduki ipokewe mkononi kabla ya kutoa magazini, kuvuta bolti na kutazama chemba kwa macho, kisha kuipapasa kwa kidole. Kifyatulio cha kiwandani nacho ni kizito. Ruger wenyewe wanauza chepesi zaidi, na kukibadilisha ni kazi ya skrubu na pini mbili.

Ya pili ni Marlin Model 60, ya tangu 1960. Kwa shabaha, ikiwa haijaguswa chochote, mimi naipenda kuliko Ruger. Ila risasi hupangwa ndani ya bomba refu chini ya mtutu, na kuhakikisha bomba ni tupu kunataka subira. Siku hizi kwa kawaida utaipata iliyotumika, hivyo muombe muuzaji aifungue. Nyuma ya bolti kuna kipande cha plastiki cha kupokea kishindo ambacho huzeeka na kupasuka. Ni cha bei ndogo, lakini kikiwa kimevunjika, omba upunguziwe.

Ya tatu ni Browning SA-22, kazi ya John Browning, iliyoanza kutengenezwa 1914 huko Ubelgiji. Maganda hutokea chini, jambo jema kwa wanaotumia mkono wa kushoto, na inagawanyika vipande viwili bila kifaa chochote. Ni nzuri mno kuitazama. Bei ndiyo iliyoishusha.

Ya mwisho kwangu ni Smith & Wesson M&P 15-22. Ni nyepesi na inampa mazoezi ya bei nafuu mwenye AR-15 (bunduki ya umbo la kijeshi ambayo hii inafanana nayo), lakini magazini yake ya risasi 25 inaning'inia, na sheria za New York zinaibana kwa umbo lake.

Kuhusu karatasi: dukani utajaza fomu 4473, ile ya serikali ya taifa ya kununulia silaha, na kuchunguzwa rekodi zako. Sheria ya taifa inataka miaka 18 kwa bunduki ndefu. Jimbo la Washington linataka 21 kwa bunduki za nusu otomatiki kama hizi. Mwenye green card (kibali cha ukazi wa kudumu) anaruhusiwa. Aliyeingia kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa vighairi kama leseni ya uwindaji.

Usinunue risasi kwa katoni mara moja. Chukua pakiti ndogo za kampuni tatu nne, uzijaribu kwa mita 50, kwani kila mtutu una risasi yake. Zile za mwendo wa pole huenda zisiwe na nguvu ya kurudisha bolti, bunduki ikawa inakwama kila mara.