TAHADHARI DODOMA: unga wa "kuponya usahaulifu" unaouzwa kwa jina la utafiti

Wenye wazee mnaowaleta mjini kutibiwa, kutoka Bahi, Chamwino hadi Kondoa: kuna watu wanauza unga wa mimea wakidai unaponya demensia, yaani ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Wana makoti meupe na karatasi ya maabara. Wanasema mzee "ameteuliwa kwenye utafiti", ila mtangulize kwa simu pesa ya dozi ya miezi mitatu.

Anayeshiriki jaribio la dawa halipii dawa inayojaribiwa. Jaribio halali nchini lina kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na kabla ya dozi ya kwanza mshiriki husomewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa (au ndugu anayemsimamia, kama mzee hawezi tena kuamua). Ombeni namba za vibali, mkaulize NIMR na TMDA wenyewe. Namba ya simu iliyo kwenye kipeperushi chao itapokelewa na mwenzao.

Karatasi ya maabara inawanasa hata wasomi. Mara nyingi ni majibu ya sampuli: haina vijidudu, haina madini ya sumu. Hayo yanahusu kopo lililopelekwa siku ile, si kuponya. Nyingine inasema, pengine kwa ukweli, kwamba majani "yanazuia kimeng'enya" kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana habari kwayo. Kipimo hicho hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo, na mimea mingi mno hukifaulu. Mwilini kuna utumbo unaopokea kidogo, ini linalovunja, na mishipa ya ubongo isiyopitisha kila kitu. Kurkumini, kemikali iliyo kwenye bizari ya manjano, hukwama hapo: ni asilimia chache tu ya unga wa bizari, na mwili huipokea kwa shida. Dondoo ya majani ya mti wa Ginkgo biloba ilijaribiwa Marekani kwa watu 3,069 wenye miaka 75 na zaidi, miligramu 120 mara mbili kwa siku, miaka kama sita. Majibu yalitoka 2008: haikuzuia demensia.

Mmea kutoa dawa inawezekana. Galantamini, dawa ya dalili za demensia, ilipatikana kwenye maua ya jamii ya Galanthus, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2001. Lakini huanza kwa miligramu 4 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, na haipandishwi kabla ya wiki 4. Ikizidi, mgonjwa hutapika na mapigo ya moyo hushuka. Na bado haiponyi, hupunguza makali ya dalili kwa muda tu. Sasa "kijiko cha chai kutwa mara tatu" kina miligramu ngapi? Muuzaji hajui, maana kiasi cha kemikali inayofanya kazi hubadilika kwa udongo, msimu na jinsi majani yalivyoanikwa.

Kwa aliyekwisha kunywa, angalieni haya. Mzee akichangamka ghafla na kula kupita kawaida ndani ya siku chache, shukuni steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) zilizosagwa humo. Sukari na presha hupanda, na akiwa amezitumia wiki kadhaa, kuziacha ghafla kunaweza kumwangusha, kwa hiyo daktari ndiye aamue namna ya kuacha. Akikauka mdomo, mboni zikatanuka, mkojo ukagoma na akaanza kuona visivyokuwepo, hiyo ni sumu ya aina ya mnanaha (mmea wa Datura, si mnanaa wa chai). Huziba kazi ya asetilikolini, kinyume kabisa cha alichoahidiwa! Mkimbizeni hospitali na kopo lake.

Kusahau kwingine hutibika kikiwahiwa chanzo: upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, kaswende, VVU, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Vipimo hivyo ulizieni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa kabla ya kununua chochote. Dawa za presha na kisukari zisisimamishwe, hata muuzaji akisema "zinagombana na tiba".

Mliokwisha kulipa, msitupe kopo wala kufuta ujumbe wa muamala. Pelekeni vyote ofisi ya TMDA hapa Dodoma na polisi, unga ukiwa ndani ya kopo lake lenye lebo.