Faili la mifuko 13 la kutunzia kuponi: uzoefu wangu wa miezi 11

Nilinunua faili hili Kariakoo, katika duka la vifaa vya ofisini lililo karibu na Mtaa wa Msimbazi, Julai mwaka jana, siku mbili baada ya kurudi kutoka Saba Saba na mfuko mzima wa vipeperushi vya ofa. Muuzaji alitaja Sh 12,000, tukaelewana Sh 9,000. Ni faili dogo la plastiki linalokunjuka kama kodiani ya taarabu, refu kidogo kuliko bahasha ya barua, lenye mifuko 13, kifuniko na mpira wa kufungia. Nyumba yetu hapa Tabata ina watu sita, na kabla ya hapo kuponi zote zilikuwa zikirundikwa kwenye droo ya kabati la vyombo, pamoja na betri zilizokwisha na funguo ambazo hakuna anayekumbuka zinafungua nini.

Shida ya kuponi zetu ni kwamba haziji kwa njia moja. Nyingine huchapwa chini ya risiti ya supamaketi, nyingine ni kipande kilichofichwa ndani ya pakiti ya sabuni, nyingine ni kadi ya muuza maji inayogongwa muhuri kila unapobadilisha dumu la lita 20 hadi upate moja la bure, na siku hizi nyingine ni namba inayoingia kwenye simu kwa ujumbe mfupi. Mwanangu wa kidato cha pili ndiye anayenakili namba hizo kwenye vikaratasi ili nazo zipate mahali pa kukaa, kwani ujumbe wa simu ukishafunikwa na mwingine huwa umepotea.

Ni wazi kwamba faili hili lilibuniwa kwa kumfikiria mnunuzi wa Marekani, ambako kuponi ni desturi ya zamani: ile ya Coca-Cola ya mwaka 1887, iliyompa mwenye nayo gilasi moja ya bure, hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza, na kwa miaka mingi magazeti ya Jumapili ya huko yamekuja na kurasa za kuponi za kukata kwa mkasi. Mifuko ina upana wa vipande hivyo, na lebo zilizokuja na faili zilitaja vyakula vya kugandishwa na chakula cha mbwa. Nilizitoa zote, nikakata nyingine kutoka kwenye boksi la majani ya chai na kuziandika kwa Kiswahili. Kipeperushi cha A4 ukikikunja sehemu tatu kinaingia vizuri. Kikiwa kikubwa zaidi ya hapo, kata ofa unayoitaka na uache mengine.

Mwanzoni nilipanga kwa majina ya maduka, na hilo lilikuwa kosa langu, si la faili. Mwezi Septemba nilisimama kwenye foleni ya supamaketi nikiwa na kuponi ya mafuta ya kula ya lita 5, nikamkabidhi keshia, akaigeuza na kuniwekea kidole juu ya maandishi madogo ya chini. “Mama, hii imeisha jana.” Wiki ile nilikuwa nimeishika mara mbili au tatu nikitafuta nyingine, lakini mfuko wa duka lile ulikuwa na karatasi tisa na hapakuwa na kitu cha kunionyesha ipi inakaribia mwisho wake. Jioni hiyo nilimwaga kila kitu mezani nikapanga upya kwa tarehe: mfuko wa kwanza ni wa wiki hii, wa pili ni wa wiki ijayo, wa tatu ni wa mwisho wa mwezi, na hivyo hivyo kwenda nyuma, hadi mifuko mitatu ya mwisho yenye kadi za mihuri zisizo na tarehe na risiti za vitu vyenye dhamana. Kila Ijumaa, kabla ya kuandika orodha ya manunuzi ya Jumamosi, nasogeza za nyuma kuja mbele. Ni kazi ya dakika kumi, na tangu nianze kuifanya ni kuponi mbili tu zilizoisha muda zikiwa mikononi mwangu.

Kasoro kubwa niliigundua Desemba. Pasi yetu ilikufa ikiwa bado ndani ya dhamana ya mwaka mmoja, nikafungua mfuko wa 12 kwa furaha kabisa ya mtu aliyejipanga, nikatoa risiti, nikakuta karatasi nyeupe. Nilipoiinamisha kwenye mwanga wa dirisha kilionekana kivuli cha ule mraba wa msimbo na tarakimu mbili za jumla, basi. Dukani hawakuipokea, na siwezi kuwalaumu. Risiti za mashine za EFD, zile za kielektroniki za kodi, pamoja na kuponi zinazochapwa chini yake, hazina wino. Karatasi imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapoguswa na joto la mashine, na maandishi hayo hufifia kwa jua, kwa unyevu, na zaidi yakigusana na vilainishi vilivyomo kwenye plastiki laini. Mifuko ya faili hili ni plastiki laini yenye harufu ya pazia jipya la bafu. Sasa kila risiti naipiga picha siku ileile, kisha naitia kwenye bahasha ya kaki kabla haijaingia mfukoni, na zilizopita masika kwa namna hiyo bado zinasomeka. Vipeperushi vilivyochapwa kwa wino wa kawaida havijapata tatizo lolote.

Kitu kingine nilichokiongeza ni kidaftari cha bei, nacho kinakaa mfuko wa mbele kabisa. Mwezi Machi nilikuwa na kuponi ya Sh 1,500 kwa sabuni ya unga ya kilo moja iliyokuwa ikiuzwa Sh 7,000, yaani ningelipa Sh 5,500. Kidaftari kilionyesha kwamba Kariakoo, kwa jumla, mfuko wa kilo 5 ulikuwa Sh 25,000, na nauli yangu ya daladala kwenda na kurudi ni Sh 1,200. Kuponi ile niliiacha ikaisha bila majuto. Kwa maziwa ya kopo ya mtoto hali ilikuwa kinyume, kwani kuponi ilishinda bei ya Kariakoo, na hata ya Mangi, mwenye duka wa hapa mtaani, ambaye mara nyingi hapitwi.

Mpira wa kufungia ulilegea mwezi wa tano, nikaubadilisha na lastiki ya fundi cherehani. Kona moja ya chini imepasuka kwa kubanwa na chupa ndani ya kikapu.

Kwa Sh 9,000 nimeridhika nalo. Mwezi uliopita nilimnunulia mama mkwe wangu wa Mbagala la kwake, nikamwekea ndani bahasha 6 za kaki na lebo zilizokwisha kuandikwa tarehe.