Adobe Acrobat Reader kwa kukagua ripoti za uthamini: nyota 4 kati ya 5

Wadau mnaokopesha kwa dhamana ya nyumba na viwanja, hii programu ya kusomea PDF wekeni kwenye kompyuta ya ofisi leo leo, ni ya bure. Mi nipo kamati ya mikopo ya saccos hapa Mbeya, siku hizi ripoti za mthamini, zile zinazosema dhamana ina thamani gani, zinakuja kwa WhatsApp, nyumba ya Uyole, kiwanja cha Iyunga, shamba la parachichi Rungwe, na anayefowadi ni mkopaji mwenyewe, hapo ndo shida inapoanzia.

Ile saini tuliyozoea, picha imeskaniwa na muhuri wake ikabandikwa ukurasa wa mwisho, hailindi kitu jamani. Mtu anaikata anaibandika kwenye ripoti nyingine, tena kwa simu tu. Ilishatufikia moja thamani yake kwa tarakimu ni milioni 84, ukishuka chini yale maneno bado yanasema milioni arobaini na nane! Saini safi, muhuri safi. Na pasiwedi ya kuzuia kuediti nayo msiitegemee, tovuti za kuitoa zipo kibao.

Mthamini akisaini kwa cheti cha kidijitali ndo unapata kinga ya kweli. Faili linapigiwa hesabu, hesabu inafungwa kwa ufunguo wa siri alionao yeye peke yake, halafu mtu akienda kubadilisha hata sifuri moja hesabu inagoma. Ukiifungua kwenye Reader juu kunatokea mstari, tiki ya kijani safi, nyekundu maana yake saini imekataa, pembetatu ya njano mara nyingi ni kwamba programu imeshindwa kumthibitisha aliyesaini. Njano msiipuuzie kabisa, maana yeyote anaweza kujitengenezea cheti chenye jina la mthamini wenu, bonyezeni hiyo saini muone cheti kimetolewa na nani kisha mpigieni mthamini kwa namba mliyonayo nyie, sio ile iliyo kwenye ripoti.

Kwa wanaouliza kama inakubalika kisheria, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua saini ya kielektroniki.

Ila ripoti muifungue kwenye kompyuta, ndani ya Reader yenyewe. Ukifungulia Chrome huoni tiki wala nini, na ukiprinti ile kinga yote imeisha, inabaki karatasi tu. Halafu apdeti zisipite, mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr Bochum kule Ujerumani walijaribu programu 22 za kusomea PDF na 21 zikadanganyika, Reader ikiwemo, Adobe wakaziba hayo matundu, ila ukikaa na toleo la zamani unabaki nayo.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ni nzito, kompyuta ya zamani inahangaika kuifungua, na kila saa inakushawishi ulipie lile toleo kubwa wakati kukagua saini hakuhitaji kulipa hata shilingi. Sisi kwenye saccos tumeshawaambia wathamini watume ripoti wenyewe moja kwa moja kwenye imeili ya ofisi, ya kufowadiwa na mkopaji haipokelewi tena.