Mbwa Wangu wa Akihabara Alibebwa na Mwingine

Si desturi yangu kuandika tathmini ya ukumbi wa mashine za michezo, lakini jambo lililonipata Akihabara, jijini Tokyo, nilipokwenda huko na rafiki zangu wawili siku za baridi zilizopita, limenikwama kama mwiba wa samaki. Nalieleza kama lilivyokuwa, na msomaji ataniwia radhi nikipandisha sauti.

Nilikuwa nimempenda mbwa mmoja wa kuchezea, wa manyoya, rangi ya chapati iliyoiva vizuri, aliyelala chali ndani ya kioo cha mashine ya kunasa zawadi kwa makucha, karibu na shimo la kutokea zawadi. Kila jaribio lilikuwa sarafu moja ya yeni 100, ile yenye maua ya mcheri, na kwa kuwa sarafu hiyo ni nyepesi mkononi, mtu huiona kama si fedha. Makucha matatu ya chuma yalishuka, yakamkumbatia mbwa, yakampandisha mpaka juu nikaanza kushangilia, kisha yakalegea ghafla kama mtu aliyekumbuka ana safari nyingine. Nguvu ya makucha hayo hupangwa na wenye duka. Nililijua hilo, na bado nilimaliza noti mbili za yeni 1,000.

Hapo ndipo alipokuja mhudumu, kijana mwenye funguo kiunoni, akainama, akafungua kioo, akamsogeza mbwa mpaka kichwa kikaning'inia juu ya ukingo wa shimo. Nakiri kwamba sijawahi kutendewa hisani ya namna ile na mtu anayekula fedha zangu. Noti ya tatu ikaisha, mbwa akawa amebakiza mguu tu. Nikaenda kuvunja noti ya nne kwenye mashine ya chenji, hatua kama ishirini hivi, nikarudi na sarafu 10 kiganjani.

Nikamkuta mwanamume mwenye mkoba mgongoni akitia sarafu yake ya pili. Mbwa alianguka mbele ya macho yangu. Yule bwana alimchukua, akamtia katika mfuko wa plastiki na kuondoka bila hata kunitazama. Baadaye nilikuja kujua kwamba wachezaji wa Kijapani wenyewe humwita mtu wa namna hiyo fisi, kwa neno la Kiingereza walilolipa matamshi yao, na sijapata kuona jina lililomkaa mtu sawasawa kama hilo.

Nilimwendea mhudumu nikiwa nimeshika simu yenye programu ya tafsiri. Nilisema mengi, mengine ambayo natumaini programu haikuyaelewa. Alisikiliza mpaka mwisho, akainama, akajibu kwa upole, na simu ikaniandikia kwa Kiswahili: “Sisi ni pole sana. Anayecheza ni yeye anayecheza.” Laiti angenijibu kwa ukali ningepata pa kushika! Adabu ile ilinichoma kuliko tusi, kwa sababu aliinama tena na tena na hakunipa chochote. Rafiki yangu wa Unguja, badala ya kunitetea, alikuwa ameegemea nguzo akicheka huku akisema, “Mwenzangu, mali ya watu hiyo, iache iende.”

Kisha mhudumu akanionyesha kibao kidogo kilichotundikwa ubavuni mwa mashine. Kumbe mchezaji anayekwenda kuvunja noti hukiweka kibao hicho mbele, na hakuna anayemgusia mashine mpaka arudi. Kiliandikwa Kijapani peke yake. Kwa hiyo kosa lilikuwa langu, au nusu yake, ingawa duka lililojaa wageni kiasi kile lilishindwa nini kuchora japo picha ya sarafu?

Kesho yake mchana, katika duka la mitumba mitaa miwili mbele, nilimwona mbwa yuleyule, na lebo yake sikioni, akiuzwa yeni 900. Si ajabu, kwa kuwa Japani zawadi za mashine hizi hazitakiwi kuzidi thamani ya takriban yeni 1,000, kiwango kilichopandishwa kutoka 800 mwaka 2022. Mimi nilikuwa nimetoa 3,000 nikaondoka mikono mitupu. Nilimshika, nikambonyeza tumbo, nikamrudisha rafuni. Wa kununuliwa hakuwa yule niliyemtaka.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba mtu yeyote asikanyage mahali pale. Lakini jioni ile ile niliwaburuta rafiki zangu tukarudi, sarafu zikiwa zimekwisha vunjwa mapema, na kibao nikakiweka mbele ya mashine kabla sijagusa kitufe. Yule kijana wa funguo alinitambua, akainama. Mbwa walikuwa wameondolewa na mahali pao wamepangwa pengwini, ambao sikuwa na haja nao hata kidogo, na nilitumia sarafu 22.